Poudre A Inakataa Kuyeyuka

Ramla haiko mutu ya kuharibu bitu. Mama yake, Mama Sikujua, iko na glasi sita ya chai yenye alipewa siku ya ndoa yake, na mpaka leo iko sita, sababu mu ile nyumba Ramla peke yake njo anaruhusiwa kuiosha. Ku université pia njo vile. Miaka ine iko laborantine, mwenye kutengeneza bitu ya labo, miaka ine hajapasua hata tube moya, na wenzake balimupa jina: Madame Pamba. Anashika kila kitu sawa mutoto ya siku tatu.

Njo maana siku ya ine asubui, wakati Prof Hubert alimupa karatasi yenye cachet, ile muhuri ya wino, Ramla aliangalia nyuma yake kama kuko mutu mwengine amesimama pale. Hakukuwa mutu. Kulikuwa ukuta tu.

Juu ya karatasi baliandika: Demande d'explication.

Mwenye hajatumikaka ku kazi ya État, ya serikali, hawezi kuelewa vile ile maneno inauma. Mu inchi yetu, mukubwa akikasirika na weye hapigi kelele. Anakuandikia. Uko na saa makumi ine na munane ya kujibu kwa maandishi, jibu yako inaingia mu dossier, na dossier haisahauke. Karatasi ya Ramla ilisema: aeleze poudre A ilikaa wapi, na namna gani imeharibika mu mikono yake. Ajibu siku ya posho, ni kusema siku ya sita, saa ine ya asubui. Na akuye na ufunguo ya labo, ataachia Assistant Pierre.

Ufunguo. Pale njo roho yake ilianguka. Laborantine bila ufunguo iko sawa mupita njia. Atasimama inje na bale bastagiaires, banafunzi ya kujaribu kazi, atangoja Pierre afike, na Pierre iko mutu ya kufika saa tano akisema ni pikipiki ya kubebesha watu njo ilichelewa. Mwezi moya vile, halafu batasema: kwani huyu mama anafanyaka nini hapa?

"Prof," alisema, "lakini sikufanya kitu."

"Njo unieleze ile kitu hukufanya," Prof alijibu, na akafunga mulango.

Bon. Turudi nyuma kidogo, usipotee sawa yeye.

Miezi mbili mbele ya pale, labo moya ya Ubelgiji ilituma chupa mbili, kidogo sawa ya parfum. A na B. Ndani: poudre mweupe, sawa unga. Ile poudre iko mafuta, ya aina yenye inafanyaka ngozi ya kila chembe ya mwili yetu, kangozi mwembamba mpaka jicho haioni. Prof alielezaka Ramla vile: kukiwa baridi, ile mafuta inasimama ku mustari, sawa batoto ya masomo mbele ya bendera. Unaipasha moto, unaongeza, unaongeza, hakuna kitu. Halafu ku degré moya, kengele inalia, batoto yote banatawanyika mu cour. Ile degré njo ngozi inayeyuka. Na kila aina ya mafuta iko na degré yake.

Babelgiji banajua degré ya A na degré ya B. Siye, huku Kisangani, hatujui. Ilikuwa sawa interro ya ku masomo: mupime, mututumie namba, tuone kama munafaa kutumika na siye. Namba ikiwa sawa, banatuma machine ya kweli. Namba ikikosa, merci na kwaheri.

Machine yenye iko sasa, Ramla njo aliitengeneza. Bécher kubwa ya kioo, yenye kujaa mayi, ku réchaud ya umeme. Mu ile mayi, tube yenye mafuta ya kuchanganya na mayi, mweupe sawa maziwa ya bahili, mayi mingi. Upande huu kalampe ya torche. Upande ule kajicho ya umeme yenye inaonaka mwangaza, imefungwa ku multimètre ya fundi ya radio. Batoto bakiwa mu mustari, tube iko nzito, mwangaza inapita kidogo. Bakitawanyika, tube inakuwa mwepesi, mwangaza inapita, sindano ya multimètre inaruka. Ramla anasoma thermomètre, anaandika. Bastagiaires balipita, bakauliza kama maharagi imeiva.

Chupa B ilikuwa mutoto ya adabu. Degré makumi ine na moya, hop, sindano inaruka. Mara kumi balipima, mara kumi makumi ine na moya. Prof alicheka mpaka akatoa lunettes.

Halafu A.

Kutoka makumi mbili na tisa, joto ya labo yenyewe, mpaka makumi sita: sindano imelala. Ramla alibadilisha lampe. Alibadilisha pile. Alienda kuazima multimètre ingine. Aliacha mayi ya robinet, akachukua ya pharmacie. Alipima asubui, alipima muchana. Sindano imelala sawa mutu amekula lituma sahani mbili. Juma mbili nzima. Protocole ya Babelgiji, ile karatasi ya namna ya kupima, alikuwa anaifuata sawa sala, kuanzia mustari ya kwanza: acha échantillon ifike ku joto ya ambiante, ile ya mu chumba, kiisha anza kupasha. Aliacha. Alipasha. Kitu hakuna.

Mu groupe WhatsApp ya labo, Pierre alitia sticker ya paka imelala. Chini aliandika: "A ya Madame Pamba. Chut, musimuamushe." Batu kumi na tatu balicheka. Prof mwenyewe aliweka kidole juu. Ramla aliandika "haha", sababu utaandika nini ingine.

Lakini kuko kitu Ramla hakuambia mutu.

Mwezi yenye ilipita, courant ilikatika siku tatu ku quartier ya labo. Congélateur ilianza kutoa jasho. Poudre inapaswa kukaa ku baridi. Sasa Ramla afanye nini? Alifunga kila chupa mu sachet yake, sachet mu sachet, akapanda toleka, ile baiskeli ya kubebesha batu, akashika mwenye kuiendesha kwa shati, mpaka kwa Mama Ursule. Mama Ursule anauzishaka samaki karibu na mafiko ya pirogue, rafiki ya mama yake kuanzia zamani, na iko na glacière kubwa yenye inapokea barre ya glace kila asubui. Poudre ya Ubelgiji ililala siku tatu katikati ya kapiteni na mbenga.

Siku ya kuitoa, sachet ya A ilikuwa imepasuka. Chupa ilikuwa na mayi ya samaki inje. Kifuniko ilikuwa imefungwa. Imefungwa kabisa? Iko pale njo kichwa yake ilianza kuzunguka. Aliosha chupa, akaipanguza na foulard yake, akairudisha mu congélateur, akanyamaza.

Donc siku ya ine, na demande d'explication mu sac, Ramla alienda moya kwa moya kwa Mama Ursule.

"Mama Ursule, ile siku, kachupa yangu iliingia mayi ao haikuingia?"

"Kachupa gani? Ile dawa yako ya pua?"

"Haiko dawa, mama."

"Mutoto yangu, miye nilikuwa naangalia samaki." Mama Ursule alikuwa anatoa magamba, hakuinua kichwa. "Kama kitu yako ililala na mbenga siku tatu na haikukulwa, unashukuru Mungu."

"Lakini kifuniko ilikuwa aje?"

"Ilikuwa juu. Kifuniko inakaaka juu."

Alirudi nyumbani na kuchanganyikiwa kuliko alivyoenda. Aliandika jibu. Ya kwanza ilisema: sijui. Aliisoma, akaona ni kweli lakini ni fupi. Ya pili ilishitaki courant. Ya tatu ilikuwa na samaki ndani, ile alipasua mbele ya kumaliza. Kama poudre iliharibikia mu glacière, basi Prof iko na haki, na ufunguo iende. Lakini B pia ililala kule, na B iko muzuri. Lakini sachet ya B haikupasuka. Lakini kifuniko. Alikuwa anazunguka mule mule, sawa pikipiki yenye inatafuta pa kuparker.

Siku ya tano, kiisha sala ya muchana, familia ilikutana kwao kula. Cousin yake Bonheur alikuwa pale, amerudi kutoka Butembo, kule ku milima, juma hiyo, safari yake ya kwanza ya biashara, na kila mutu kwa nyumba alikuwa tayari anajua mambo yake isipokuwa Ramla, sababu Ramla kwa hizi siku hakuwa anasikia mutu.

"Bonheur, ambia dada yako ile habari ya mawese," Mama Sikujua alisema, na alikuwa tayari anacheka mu sahani.

"Mama, ile habari ilikwisha."

"Haijakwisha. Ramla hajaisikia."

Bonheur alijaza loso mu kinywa ili apate muda ya kufikiri. Haikusaidia.

"Nilifika kule mangaribi," alisema. "Bidon munane ya mawese ya huku kwetu, muzuri, nyekundu. Nikaiweka ku cour ya mwenyeji. Asubui nafungua ya kwanza: ngumu. Ya pili: ngumu. Natia kidole, kidole inabakia. Sawa sabuni, dada. Na rangi imepauka. Nikajua kwisha, baliniuzisha mafuta mubovu."

"Halafu?"

"Halafu nilifanya sawa mutu ya akili. Nilitafuta mwenye kubeba ile uchafu mbele haijanuka."

"Bidon munane," Mama Sikujua alisema, "alimupa mama moya kwa mufuko ya maharagi."

"Mufuko mbili."

"Mbili, na moya iko na mawe. Tunaitoa mpaka leo."

"Na yule mama alinicheka," Bonheur aliendelea, sababu sasa ilikuwa imechelewa ya kunyamaza. "Mi nafikiri anacheka Swahili yangu. Kesho yake napita ku soko, naona bidon yangu mbele ya jua, mafuta inamwangika, nyekundu, sawa siku niliinunua. Namuuliza: mama, ulitia dawa gani? Ananijibu: mutoto ya Kisangani, dawa ni moto tu. Kwenu hakunaka baridi, njo maana hamujaonaka mafuta yenu ikilala."

Nyumba yote ilicheka, na Ramla pia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa juma mbili. Kiisha mukono yake ilisimama njiani kati ya sahani na kinywa.

"Donc haikukuwa imeharibika," alisema.

"Niko nakuambia. Ilikuwa ngumu tu."

"Na huku kwetu haikuwaka ngumu."

"Itakuwa ngumu namna gani na hii joto? Weye uko sawa?"

Hakuwa sawa. Bonheur alitupa mafuta muzuri sababu hakuwa ameionaka ikilala. Miye, alifikiri, kitu yangu nasema imekufa sababu haiamuke. Na kama haijalalaka? Alijaribu kushika ile wazo, ikateleza. Mu labo iko makumi mbili na tisa. Prof alisema batoto mu mustari, kengele, batoto banatawanyika. Na kama miye nafika kila siku ku masomo kiisha kengele? Batoto tayari biko banacheza mupira, na miye nasimama pale na cahier nangoja batawanyike.

Lakini protocole inasema ambiante. Protocole haiwezi kukosea, ilitoka Ulaya na cachet.

Alinawa mikono, akabeba sac, akatoka. Mama Sikujua aliita: "Na chai?" Ramla hajaachaka chai hata siku moya. Bonheur alisema pengine iko na mutu.

Mama Ursule alimuona akishuka ku toleka.

"Leo tena? Umeleta dawa ya pua?"

"Leo naomba glace, mama."

"Juu ya samaki ngapi?"

"Bila samaki."

"Kwangu glace bila samaki haiko. Iko glace yenye nitatoa samaki." Alipiga barre na nyundo, akamujazia sachet. "Na ukienda kuolewa, mama yako atuambie mapema."

Ku labo hakukuwa mutu. Ramla alijaza bécher na glace, akatia tube ya A ndani, akangoja. Thermomètre ilishuka. Makumi mbili. Kumi na tano. Kumi na mbili. Na tube, yenye ilikuwaka maziwa ya bahili, ikaanza kuwa nzito, mweupe ya kweli. Sindano ya multimètre ilishuka. Kwa juma mbili sindano haikufanyaka kitu, na sasa inashuka, na Ramla hakujua kama anafurahi ao anaogopa.

Hakuwasha réchaud. Ya kazi gani? Kisangani yenyewe ni réchaud. Glace ilikuwa inayeyuka peke yake, joto inapanda polepole, na yeye anaandika. Kumi na munane, hakuna. Makumi mbili na moya, hakuna. Makumi mbili na tatu, sindano inatetemeka kidogo. Makumi mbili na ine, ikaruka.

Hakupiga kelele. Aliangalia bécher, akaona ukungu inje ya kioo, matone inateremuka sawa ku chupa ya bière. Basi roho ikaanguka tena. Pengine ni ukungu tu njo ilifunga mwangaza, na ukungu ikaenda, sindano ikaruka, na miye niko hapa nashangilia mayi ya inje. Alipanguza kioo na foulard. Alitia glace ya pili, akaanza upya, anapanguza kila dakika sawa mama ya mutoto mwenye kamasi. Makumi mbili na ine. Kiisha alitia tube yenye mayi tupu, bila mafuta, akafanya vile vile: sindano imelala mwanzo mpaka mwisho. Alirudisha A. Makumi mbili na ine.

Alikaa ku tabouret, akachukua karatasi ya kujibu. Curve, ule mustari alichora na namba zake, ilikuwa muzuri, inajitetea yenyewe. Angeandika tu: poudre haijaharibika, angalia namba. Lakini demande iliuliza tena ilikaa wapi. Alishika bic ku kinywa muda murefu, sababu mutu yeyote mwenye akili angeruka ile swali. Halafu aliandika yote, glacière, sachet yenye kupasuka, kapiteni na mbenga, na alipomaliza hakujua kwa nini.

Siku ya posho, saa ine kasoro, Pierre alikuwa tayari ku mulango ya Prof. Alikuwa na porte-clés mupya, ya ngozi, hakuna ufunguo hata moya ndani.

"Madame Pamba, courage," alisema. "Nitaishika muzuri."

Prof Hubert alisoma ukurasa ya kwanza. Akatoa lunettes, akaivaa tena.

"Kapiteni?"

"Na mbenga, Prof."

"Poudre ya Ubelgiji ililala na mbenga."

"Siku tatu."

"Na unaandika ile mu dossier, na mukono yako mwenyewe." Aligeuza ukurasa. "Halafu hapa unasema poudre iko muzuri."

"Iko muzuri."

"Basi unajitetea ao unajishitaki? Niko nachanganyikiwa."

"Miye pia, Prof. Lakini namba iko makumi mbili na ine."

Prof aliangalia curve. Aliigeuza juu chini, sawa mutu anatafuta kama billet ya feza iko ya kweli. "Nataka kuona na macho yangu," alisema. "Pierre, kimbia utafute glace."

"Prof, mi nilikuya juu ya ufunguo."

"Ufunguo haikimbie. Glace njo inakimbia."

Pierre alirudi ku pikipiki, sachet mbili ku mapaja, suruali imelowana pale mutu hapendake suruali ilowane. Hakuna mutu alicheka kwa sauti. Ramla alifungua labo, akajaza bécher, akapanguza kioo. Prof alivuta tabouret karibu mpaka pua yake ilikaribia kugusa thermomètre, na alikuwa anasoma degré kwa sauti, moya moya. Ku makumi mbili na ine aliacha kuhesabu. Sindano ilikuwa imeruka.

Aliomba protocole. Alisoma mustari ya kwanza, akaangalia thermomètre ya ukuta: makumi tatu. Akasoma tena.

"Miaka tano nilisoma kwao," alisema polepole. "Mu labo nilikuwa navaa pullover. Hata mwezi ya munane. Ile njo ambiante yao."

Ramla hakujua kama hiyo ni swali. Alipanguza kioo tena.

Prof alichukua demande d'explication, akaandika chini: Explications satisfaisantes, ni kusema maelezo imetosha. Tarehe, signature. Kiisha bic ikabakia juu, juu ya ile ukurasa ya samaki.

"Hii nayo tutafanya nini?"

"Iko kweli, Prof."

"Najua iko kweli, njo shida yake." Alifikiri. "Tutume yote. Namba, na samaki. Andika jina ya samaki kwa Latin, itaonekana muzuri."

Pierre alikuwa bado amesimama pale, mayi inadondoka ku viatu yake, porte-clés ku kidole.

"Bon," alisema, "na ufunguo?"

"Ufunguo gani?" Prof aliuliza, na kweli alikuwa amesahau. Aliangalia Pierre, akaangalia Ramla mwenye alikuwa anamwanga mayi ya bécher. "Ah. Hapana. Weye enda ukauke."

Saa sita batu yote balienda. Ramla alirudisha chupa A ku baridi, akazima bitu, akafunga mulango, akavuta, ikakataa kufunguka. Alitia ufunguo mu sac. Alishuka ngazi, akafika chini, akatia mukono mu sac, akaigusa. Akapanda tena kuangalia kama alifunga kweli.